Karte ya Kikombe Cheupe

Jumapili, 8 Februari 1976

Wiki ya sita bila esansi, yaani petroli. Treni imeleta chumvi, sabuni, mabati. Esansi hapana. Pikipiki yangu, Honda, imesimama sebuleni chini ya shuka, na mama anaipita kwa kunyata kama pana mgonjwa amelala.

Zamani, Jumapili kama hii, tulikuwa wanne kwenye barabara ya Kailo: Sudi fundi, Okito wa bandarini, Onema muuguzi, na mimi. Sasa tunakaa kwa Mama Sharifa, nyuma ya stesheni, tunaendesha vikombe. Sudi ndiye aliyeanza. Alikamata mkono wa kikombe chake, akausokota kama anaongeza moto, akanguruma kwa midomo mpaka kahawa ikamwagika. Okito akasema chombo hicho kinavuja oili. Kikombe cha Okito mwenyewe hakina mkono — basi hakina breki, na Sudi akamkataza kumpita kwenye kona ya bakuli la sukari. Cha Onema ni cheupe, cha bati, kikubwa kuliko vyote; tukakubaliana kwamba kinaweza kubeba abiria.

Nikaleta swali la kisahani: je, ni gurudumu au ni barabara? Nilithibitisha kwa hoja tatu kwamba si hili wala lile, bali ni gereji. Sudi alisema tu: "Mwalimu, umeshinda. Lakini kahawa yako iko baridi."

Onema alicheka kidogo, kwa adabu. Emerance, mke wake, yuko Kampene kwa wazazi, mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza walimpoteza kulekule, kwa kukosa daktari. Onema anataka kumleta mkewe ajifungulie hapa hospitalini. Na Yamaha yake ni kavu kama yetu.

Jumatano, 11 Februari

Wanafunzi walikuwa wakifanya mtihani, nami nikapata saa mbili tupu. Nimetengeneza karte nne za vikombe kwa makaratasi ya rangi ya waridi, mfano wa zile za pikipiki zinazotolewa na polisi. Mwenye chombo, rangi, nambari, ujazo, kasoro. Kuhusu cha Onema nimeandika: "Chombo cheupe, kisicho na taa, kinachotoa mvuke bila kusogea, hupanda mdomoni lakini hakijui mlima." Nadhani sentensi hiyo ni nzuri. Nimeisoma mara tatu kwa sauti.

Muhuri nimeuchonga kwenye kisigino cha kandambili kuukuu, kwa wembe. Mkono umeshika mwenge, maandishi pembeni kwa mzunguko. Unafanana kuliko nilivyotarajia. Kusema kweli, unapendeza kuliko ule wa ofisi, ambao mwenge wake umelika. Nimezipiga karte zote muhuri, na jioni nimemgawia kila mtu yake kwa Mama Sharifa.

Jumatatu, 16 Februari

Esansi imefika! Mabehewa mawili. Kesho inagawanywa: lita tano kwa kila karte, wala si zaidi, hata ukiwa mkubwa. Karte zitabaki ofisini. Mwenyewe anapewa bon ya kuchukulia esansi, na kijikaratasi cha kurudishiwa karte.

Jumanne, 17 Februari

Foleni toka asubuhi mpaka saa saba. Onema alikuwa mbele yangu kwa watu sita. Nilimwona akitoa karte, akipewa bon, akitoa karte nyingine. Nikadhani ameazima Suzuki ya daktari.

Jioni alikuja kwa Mama Sharifa na madumu mawili. Akanivuta pembeni. Karte ya pili ilikuwa ya kikombe.

Nilimwambia amerukwa na akili. Alinisikiliza mpaka mwisho — jambo ambalo watu hawanifanyii mara nyingi — kisha akasema: "Lita tano inanifikisha Kampene, Ngoyi. Ya kurudisha mama ya mutoto, nani atanipa?"

Nikauliza kama Citoyen Assani, karani anayeandika bon, hakuisoma ile karte. Onema akasema hakuisoma hata neno moja. Aliangalia muhuri tu, akaandika.

Naandika aibu hii kwa sababu hapa hakuna wa kuisoma: kitu cha kwanza kilichoniuma si hatari. Ni kwamba hakuisoma.

Jumatano, 18 Februari

Onema ameondoka alfajiri. Siku moja kwenda, barabara ikikubali. Kurudi polepole, kwa sababu ya mashimo na hali ya Emerance. Anasema Ijumaa. Mimi nasema Jumamosi.

Alhamisi, 19 Februari

Gari la kipaza sauti limepita mtaani mara mbili. Mkaguzi amekuja kutoka Bukavu. Kila chombo kilichopewa esansi kipelekwe kiwanjani Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, kilinganishwe na karte yake. Atakayekosa atatafutwa. Askari wa vizuizi vya barabara wamepewa orodha ya majina.

Sahani ya chakula nimeirudisha ilivyo. Mama ameuliza: "Tharcisse, njo homa?" Nyumbani bado naitwa hivyo, ingawa serikali imeyaondoa majina ya ubatizo kwenye makaratasi. Nikasema ndiyo, njo homa.

Jioni nilikwenda bandarini kuutupa muhuri. Niliurusha mbali, ukapiga maji, ukazama — ukaibuka! Ni kandambili. Nilikaa miaka minne chuo kikuu Lubumbashi na sikufikiria kwamba kandambili inaelea. Mwenge juu, ukizunguka taratibu mbele ya wavuvi wawili waliokuwa wanashona nyavu. Mmoja akasema kaka, kiatu chako kinakwenda. Nikaingia mpaka kiunoni kuufuata. Sasa uko tena chini ya godoro, umelowa.

Ijumaa, 20 Februari

Onema hajafika.

Saa kumi na moja Citoyen Assani amekuja nyumbani, mwenyewe, kwa miguu. Hakutaka kukaa. Usiku wa jana alizipanga karte kwa ajili ya mkaguzi, na kwa mara ya kwanza akazisoma. Ana watoto saba. Mzee yule hakunifokea. Alisema anajua mwandiko wa mwalimu aliyemwandikia binti yake bulletini ya shule.

Nikamwuliza kwa nini asiitoe tu ile karte. Akasema majina yote yako kwenye daftari, kwa kalamu, na mkaguzi amekwisha kuyahesabu.

Alipofika mlangoni akageuka: "Ile ya mulima ilinichekesha, mwalimu. Kisha nikaanza kulia."

Jumamosi, 21 Februari. Saa saba na nusu.

Ninaandika haraka.

Salongo tumefyeka majani ya kiwanja chenyewe, kisha tukapanga pikipiki juu yake. Hamsini na tatu. Sudi na Okito walisimama kila upande wangu, hawakutania. Mkaguzi ni kijana, pengine rika langu, koti lake la abakosti limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akaita Onema, Yamaha. Akatia alama kwenye daftari. Akaita Onema, nambari nne, chombo cheupe. Akaitazama karte. Nikamwona anaisoma. Neno kwa neno, midomo ikisogea! Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Nilingojea atabasamu. Hakutabasamu.

Akatangaza kwamba ameiona hila. Watu wa kizuizi cha barabara ya Kampene wamkamate Onema akifika, yeye na yeyote aliye naye, walale ndani mpaka wapelekwe Bukavu. Isipokuwa mwenye kutengeneza karte na muhuri ajitokeze kabla ya saa nane. Ofisi ikafungwa kwa ajili ya chakula. Assani alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama viatu vyake.

Nilimfuata Assani nikamwomba fishi, fomu ya maelezo ya chombo. Alinipa bila kuuliza ya nini.

Watu wa stesheni wamepata habari kwa simu ya reli: pikipiki ya mtu na mke wake imeonekana jana jioni kwenye barabara ya Kampene, imelala njiani, inakuja. Mwanamke alikuwa ameshika kiuno.

Fishi iko mezani. Muhuri uko pembeni yake. Hawa, dada wa Sudi, ameleta kikombe cheupe kutoka kwa Mama Sharifa, amekifunga kwa kitambaa ili niende nacho. Mama ameyaona yote haya. Ameniwekea shati safi na sweta, ingawa jua ni kali. Sweta ni ya mtu ambaye usiku hatalala nyumbani.

Nimejaribu, kwenye karatasi nyingine, kuandika kwa mwandiko mbaya: fishi isiyo na jina, inayosema tu kwamba Onema hana kosa. Mara kumi na moja. Kila mara herufi zinanyooka zenyewe. Na fishi isiyo na jina haitafungua kizuizi.

Saa nane kasoro kumi na tano. Nimeandika jina langu, kamili, kwa mwandiko wangu. Limekaa vizuri kwenye mstari. Mstari wa pili: kazi. Nimeandika: mwalimu.

Mstari wa tatu unauliza aina ya injini. Sudi anapiga honi nje, atanibeba. Wanauliza aina ya injini, nami natafuta sentensi