Mlango wa Nyuma wa Zahanati

Gare ya Kolwezi, 14 Agosti 1993

Kwa binti yangu wa ubatizo Fidélie, muuguzi mkuu wa zahanati yetu,

Nina heshima ya kukusalimu na kuuliza afya yako, ya mume wako Kitenge, na ya mtoto aliye tumboni. Sisi tungali wazima. Tangu mwezi wa tatu, tulipofukuzwa nyumbani kwa sababu ya asili yetu ya Kasai, tunangojea treni hapa stesheni chini ya maturubai, na majirani hawaninyimi makaa.

Kusudi la barua hii ni moja. Mvua imekaribia. Umati huu wote unakunywa maji ya bomba moja, na vyoo vimejaa. Kolera ikishuka hapa haitauliza kabila la mtu. Itavuka reli hadi mjini. Nilipokuwa katibu wa halmashauri ya zahanati niliomba kwa maandishi, mara nyingi na bila kujibiwa, lile banda la nyuma litayarishwe. Leo uamuzi ni wako. Viwekwe vitanda vyenye tundu katikati, serumu ya kuwarudishia wagonjwa maji, na mapipa ya javeli, dawa ya kuua vijidudu. Na wagonjwa wa kuhara waingie kwa mlango wa nyuma, ulio karibu na shimo la choo, wasikutane na wajawazito wa mbele.

Ukitafakari haya, upokee hakikisho la upendo wangu usiopungua.

Baba yako wa ubatizo,
Badibanga

Kolwezi, 29 Agosti 1993

Tata mpendwa,

Jambo sana. Mimi mzima, ila miguu imevimba, Kitenge anakusalimu. Barua yako aliileta Simone, muuza mikate, pamoja na kapu lake. Niliwasomea wauguzi. Walicheka kidogo kwa lile "hakikisho", kisha tukaenda kufagia banda. Misheni imetupa javeli na serumu. Vitanda fundi amevitoboa.

Jana tukafanya jaribio. Simone alilala kwenye machela kama mgonjwa, akina mama wanne wa gare wakambeba. Walipofika mlango wa nyuma, Mama Tshibola akatua machela chini. "Ni hapa maiti inapitaka," akasema. "Mi siwezi pitisha hapa mutu muzima." Nilieleza mpaka koo likakauka. Mwishowe Simone mwenyewe akainuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akazunguka kuingia kwa mlango wa mbele.

Tata, banda liko tayari na hakuna atakayeingia. Watawaficha wagonjwa chini ya maturubai. Wewe unakaa nao, waulize.

Binti yako,
Fidélie

Gare ya Kolwezi, 6 Septemba 1993

Kwa binti yangu Fidélie,

Baada ya salamu na kukutakia nguvu za miguu, nina heshima ya kukuarifu kwamba niliitisha mkutano. Nilizungumza kirefu kuhusu vijidudu. Mama Tshibola aliningoja nimalize, akaniuliza kama nimepumua.

Kisha akasema: "Tata, javeli mi sikatai. Ninaogopa njia. Mutu wa furaha apite kwanza, ikuwe njia ya bazima."

Nilipendekeza padri. Wakacheka sana: "Padri njo anazikaka batu," yaani ndiye anayezika watu. Wanataka mtoto mchanga, mikononi mwa mama yake, yaani wako.

Natambua ndugu za Kitenge, watu wa Katanga, watasema nini wakisikia ombi hili limetoka kwa watu wa gare. Kwa hiyo siombi. Naliweka tu mbele yako. Treni inasemekana iko njiani.

Baba yako,
Badibanga

Kolwezi, 20 Novemba 1993

Tata mpendwa,

Habari za safari? Natumaini paroko wa Mwene-Ditu, huko Kasai, atakufikishia barua hii. Treni yenu iliondoka kabla sijajifungua, na Mama Tshibola alibaki kungojea ya pili.

Ni mvulana. Nilimpitisha mlango wa nyuma asubuhi, watu wote wakiona. Mama mkwe alikataa, akasimama kwenye mlango wa mbele na mwavuli wake, lakini Kitenge alinishika mkono, na akina mama wa gare wakaimba kwa Kiluba hadi tukaingia. Mwishoni mama mkwe naye akazunguka nyuma na mwavuli, eti mtoto asipigwe na jua.

Mvua ilileta ulichokiogopa. Wa kwanza alikuwa Mpoyi, mwana wa Mama Tshibola. Alimbeba mwenyewe, akapita bila kusimama. Wengine wakamfuata. Wazee wawili walitushinda, wakafariki. Tuliwaosha kwa javeli, tukawatoa kwa mlango wa mbele, wajawazito wakiwa wamekwenda nyumbani, kama nilivyowaahidi akina mama, ili nyuma ibaki njia ya wazima. Wote waliobaki walirudi kwa miguu yao. Mjini kolera haikuingia.

Mtoto tumemwita Badibanga. Shangazi ya Kitenge aliuliza kama majina ya Katanga yameisha. Kitenge akamjibu kwamba hayajaisha, wadogo zake watayapata.

Binti yako,
Fidélie

Mwene-Ditu, 9 Januari 1994

Kwa binti yangu Fidélie, na kwa mwenye jina langu,

Nina heshima ya kukiri kupokea barua yako, ambayo nimeisoma hata kwa watu wasioniuliza. Afya yangu ni njema kupita umri wangu.

Paroko amenikabidhi darasa moja litayarishwe kwa ajili ya kolera, maana treni zinazidi kutushusha hapa. Safari hii sikuanza na vijidudu. Niliwaita akina mama, nikawauliza maiti hutolewa nyumbani kwa mlango upi. Wakajibu kwamba hapa ni wa mbele.

Basi wagonjwa wetu wataingia kwa nyuma. Mnilindie mtoto mpaka nije kumwona.

Babu yake,
Badibanga Mkubwa