Kipande cha Boksi la Biskuti

Butwal, 4 Septemba 2022

Kaka Khimlal mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, goti la Mama limetulia tangu mvua zipungue. Wewe je, hali yako na joto la Doha? Unakula, au bado unaishi kwa chai?

Naandika kwa sababu kwenye simu Mama anadandia kila neno. Injinia Gyawali amekubali kuniajiri nichore nyumba ofisini kwake, lakini kwanza nimpelekee filamu ya nyumba moja, mtu aonekane anaingia mlangoni na kupita vyumba vyote. Mwisho ni tarehe ishirini Novemba. Nikishindwa, narudi kupima mchele dukani kwa Mjomba, na safari hii sitatoka tena.

Kompyuta yangu ni ile kuukuu iliyotupwa na benki. Inakwama kila nikigeuza chumba. Inataka kadi ya grafiki, kile kidude cha ndani kinachochora picha. Ulisema zawadi yangu ya tika ya Tihar mwaka huu nichague mwenyewe, ingawa hutakuwepo nikupake rangi kipajini kama dada wengine. Basi nimechagua, na naomba unisikilize vizuri: kasha la kompyuta yangu ni jembamba na umeme wake ni mdogo. Nataka kadi ya nusu kimo, isiyohitaji waya wake wa umeme. Nimekukatia kipande cha boksi la biskuti, ndicho kipimo. Ikizidi hapo, usinunue. Mpe Dhanbir wa kambini kwenu ailete akija kwa sikukuu.

Mdogo wako,
Sabitra

Doha, 9 Oktoba 2022

Mdogo wangu Sabitra,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima, namshukuru Mungu, mgongo tu ndio unanisumbua.

Kipande chako nilikwenda nacho dukani. Muuzaji akanitolea kidude kama sabuni iliyokwisha. Wenzangu wa kambini niliokwenda nao wakacheka hadi wakashika mbavu. Purna akaniuliza, "Bhai, ndugu yangu, dada yako angekupaka tika ya rangi saba kipajini, wewe umwekee hiki kwenye sinia?" Mimi nina dada mmoja tu. Mashangazi wote watakuwepo, na mimi sipo. Nitasemwaje?

Kwa hiyo nimekuchukulia kubwa. Ina feni tatu! Inawaka na taa za rangi. Muuzaji anasema hii inafanya kazi mara kumi ya ile yako. Kubwa ikiweza, ndogo ya nini? Usianze ubishi wako. Fungua boksi mbele ya watu.

Kaka yako,
Khimlal

Butwal, 29 Oktoba 2022

Kaka,

Salamu. Mama mzima. Mimi siko sawa, na nitakwambia kwa nini.

Boksi nililifungua mbele ya watu kama ulivyotaka. Mashangazi walishangilia. Shangazi mkubwa akalipaka unga mwekundu wa baraka. Mimi nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kwa sababu nilishaona. Kadi yako ni ndefu kuliko kompyuta yenyewe! Umesikia? Kompyuta inaweza kulala ndani ya boksi la kadi. Inataka nyaya mbili za umeme, na yangu haina hata mmoja. Taa za rangi nizitie wapi, puani?

Nilikukatia kipimo kwa mkasi, Kaka. Sikukuandikia kwa mafumbo. Ukaenda kuwauliza wanaume saba wa kambini, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kompyuta, nao ukawasikiliza kuliko mimi. Hivi barua zangu unazisoma au unazipima uzito tu? Zawadi hii hukuninunulia mimi. Uliwanunulia mashangazi.

Nimebakiwa na siku ishirini na mbili. Kesho kadi yako naipeleka duka la kompyuta sokoni nibadilishane na ndogo.

Kokwa ya jozi niliivunja kizingitini kwa ajili yako, mabaya yasikufikie, kama kila mwaka. Nakiri safari hii niliigonga kwa hasira.

Sabitra

Doha, 17 Novemba 2022

Sabitra,

Zawadi ya tika unaipeleka sokoni? Kitu kilichopakwa unga na shangazi yetu? Hakuna dada aliyewahi kufanya hivyo katika ukoo huu, hata wale tunaowaita vichaa. Dhanbir amerudi na kuieneza habari kambi nzima. Wamenicheka kwa udogo, sasa wananicheka kwa ukubwa.

Miaka kumi na moja namwaga zege juani ili wewe ukae kwenye kiti usome, leo unaniambia sijui kusoma barua. Sawa. Basi usihangaike kuziandika.

Khimlal

Butwal, 12 Machi 2023

Kaka,

Salamu. Natumaini mgongo wako una nafuu. Hii ni barua ya tatu tangu uliponyamaza. Mama anauliza kila jioni kwa nini kwenye simu unaomba kuongea naye yeye tu, nami nachoka kumdanganya.

Bado nimekukasirikia, usidhani nabembeleza. Ulinitangazia fadhila mbele ya Mungu na watu kwa kiti nilichokalia. Najua nani alinilipia kiti! Ndiyo sababu sikutaka kukipoteza kwa ajili ya taa za rangi.

Kadi ndogo iliingia kwa dakika tano. Filamu niliipeleka tarehe kumi na tisa. Kazi nimepata.

Injinia alisema nichore nyumba yoyote. Nilichora ile yako, uliyoichora juu ya mfuko wa saruji mwaka ulipokuja mara ya mwisho, ambayo Mama ameificha chini ya godoro. Nimekuwekea filamu kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, imo humu kwenye bahasha. Itazame au itupe, shauri yako.

Sabitra

Doha, 20 Aprili 2023

Sabitra,

Salamu kwa Mama. Mgongo vilevile.

Nimeitazama hiyo filamu yako. Mlango umeuweka kusini. Mimi nilichora mashariki! Kidato cha chini cha ngazi ni kifupi, Mama atajikwaa na goti lake. Mtu aliyemwaga zege miaka kumi na moja unamwekea ngazi kama hiyo? Na dirisha la jikoni nani alikwambia liwe dogo? Nimekasirika sana, nataka ujue.

Tuliitazama watu wanane kwenye simu ya Purna. Tulipofika kizingitini nikaona umeweka na maganda ya jozi yaliyovunjika, pale pale sakafuni. Purna akaomba turudie, tukarudia mara nne.

Kisha wakaanza kuuliza ni mashine gani imefanya kazi hii, lazima kadi yake ni jitu. Nikatoa pochi. Kile kipande chako cha boksi la biskuti kimo humo tangu Septemba, sikuwahi kukitupa. Nikawapa wakishike.

Rekebisha mlango. Nimeomba likizo, Tihar ya mwaka huu nitakuwepo.

Kaka yako,
Khimlal