Sare za Rangi ya Chungwa

Jumanne. Tangu asubuhi inanyesha ile mvua ya Aprili ya Toronto, ambayo haijaamua kama ni mvua au theluji. Mimi pia sijatulia. Ofisini nimehakiki dai moja la bima mara tatu, nikalituma, kisha nikalifungua tena kuangalia kama kweli nimelituma.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana mdogo wangu Elia alikubali kwenda kucheza mpira wa kikapu katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani, kile ambacho mechi zake huonyeshwa kwenye televisheni. Jumapili, tukitoka kanisani, akaniambia hataki tena. Kocha aliyemchagua ameondoka, na huyu mpya amejaza timu wanaume wenye ndevu waliohama kutoka vyuo vingine. Elia angekaa benchi mwaka mzima, pengine miwili. Sasa anataka chuo kidogo, hukohuko Marekani, katika mji ambao nimelazimika kuutafuta kwenye ramani.

"Lakini sisaini mpaka Mama akubali," alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Na wewe ndiye utamwambia."

Mimi, ambaye naogopa hata kumwambia dereva wa basi kwamba amepita kituo changu.

Na si Mama peke yake. Kuna kamati. Watanzania wa hapa Etobicoke, magharibi mwa Toronto, hatumuagi mtu bila kamati, na ya Elia ina mwenyekiti, Mama Happy, na katibu, yaani mimi, kwa kuwa "unafanya kazi ofisini." Sare zimeshachaguliwa: kitenge cha rangi ya chungwa, rangi ya kile chuo kikubwa. Mchana Mama Happy ametuma ujumbe wa sauti: "Katibu, mbona kimya? Fundi wa Dar keshakata vitambaa. Siku hiyo tutawaka kama taa za barabarani!" Nikacheka peke yangu katika jiko la ofisi, halafu nikarudi mezani bila kumjibu.

Niandike na hili, maana hapa mtandaoni hakuna anayenijua. Sikumwogopea Elia tu. Miaka miwili bosi wangu hakulijua jina langu. Tangu asikie habari za chuo kile, ananiita "dada wa mchezaji" na kusimama mezani kwangu kuzungumza. Nilikipenda chuo kile kwa ajili yangu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma jioni.

Mama alikuwa anakunja sare zake za kazi, zile anazovaa kwenye nyumba ya wazee. Nilisema yote kwa pumzi moja, macho yangu kwenye zulia. Elia alisimama mlangoni, kichwa karibu kigonge juu, akijifanya anatafuta chaja.

"Yaani mtu ana ng'ombe mkononi," Mama akasema, "anaomba abadilishiwe mbuzi?"

Akakunja suruali ileile mara mbili.

"Huko kwa mbuzi, atacheza?"

"Kocha anasema nafasi ipo, Mama."

"Anasema. Mpigie, nimsikie."

Nikapiga, nikawa mkalimani. Mama hakuuliza hata swali moja la mpira. Aliuliza mwanawe atakula nini, akiumwa nani atampeleka hospitali, akifeli hesabu nani atajua. Kocha alijibu taratibu. Swali la mwisho nilitaka kulimeza: kwa nini hajaja nyumbani, anaomba mtoto wa watu kwa simu kama anaagiza piza?

Nililitafsiri lote, na piza yake.

Kocha akacheka kidogo, akasema Mama ana haki. Atavuka mpaka kwa gari Jumamosi, kama anakaribishwa.

"Aje," Mama akasema. "Ale kwanza. Habari za kusaini, nikishamwona." Akamgeukia Elia. "Na wale wa chuo chako kikubwa, kwa mwaka mzima, nani alibisha hodi hapa?"

Elia akatikisa kichwa. Halafu akasema "asante, Mama," kwa Kiswahili, na masikio yakamwiva kwa haya.

Ikabaki kamati. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena: Chuo huenda kikabadilika. Sherehe iko palepale. Nikatuma, nikaifunika simu kwa mto. Ikatetemeka humo ndani kama panya. Wa kwanza alikuwa Mama Happy, kwa maneno mawili tu: "Na sare?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la heshima Mama aliponinyang'anya simu, akaisogeza mdomoni. "Mwenyekiti, ibaki chungwa hiyohiyo. Hatukivalii chuo, tunamvalia mtoto."

Mama Happy akarudisha kigelegele kirefu, mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa hiyo nilipaswa kulala vizuri leo. Mama anaimba jikoni, Elia yuko kibarazani anadundadunda mpira kwenye baridi. Lakini kusema atakuja si kuja, na Mama hatasamehe mara mbili. Kocha asipotokea Jumamosi, Elia atabaki na benchi, na mimi ndiye nitakayetumwa kumwambia.

Nimeangalia hali ya hewa ya Jumamosi, hapa kwetu na njiani kote, mpaka mpakani. Inasema jua. Kwa nini siwezi kuliamini hata jua?