Mwalimu Selestina Werema na Taa Iliyovunjika

Mama, mwaka umetimia tangu tukulaze Kiriba, na bado tunaacha kiti chako wazi mezani.

Ulipenda chai isiyo na sukari, eti ulizoea miaka ile sukari ilipokuwa haionekani. Nguo zetu ulizishona mwenyewe. Mtoto akikosea hesabu, ulikuwaga unamwambia, "Rudia, nakusubiri."

Lakini jambo la mwaka 1983 hukutusimulia. Tulilisikia msibani kwako, kwa fundi Mseti wa Bunda na Mwalimu Boniphace, uliyefundisha naye fizikia Musoma.

Wanafunzi wako wa kidato cha sita walibakiza wiki mbili wafanye mtihani, na walikuwa hawajawahi kuona kwa macho yao mwanga ukitoa elektroni kwenye metali. Mseti, fundi umeme wa kiwanda kimoja cha pamba, akakupa taa ya zebaki iliyovunjika kioo cha nje, iliyokwisha kutupwa. Zilikuwa siku za msako wa wahujumu uchumi. Karibu na njia ya Butiama basi ulilopanda kurudi Musoma likasimamishwa na polisi, mfuko wako ukafunguliwa.

"Mama, hii mali ya umma umeipata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Ukakataa kumtaja. Ungemtaja Mseti angefungwa, na mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Ukawekwa mahabusu. Huku nyumbani mdogo wetu Gati alikuwa bado ananyonya. Shangazi Dorkas alimpa uji, akawa anautema.

Siku ya tatu mkuu wa kituo akakuita, ukamwambia taa ni ya jaribio la darasani. "Balbu ninazo hapa ofisini. Kwa nini mwalimu atake hii? Nithibitishie, la sivyo jalada linakwenda mbele."

Boniphace akaleta vifaa vyako vya kujitengenezea: chupa ya jemu, waya, utepe mwembamba wa karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, na bamba la zinki la kuweka juu. Ukalisugua bamba kwa msasa. Ukasugua rula ya plastiki kwenye sweta, ukaligusa nayo. Utepe ndani ya chupa ukainuka, ishara kwamba bamba limepata elektroni za ziada. Kabla hujawasha kitu, utepe ukaanza kushuka.

"Unashuka wenyewe," mkuu akasema, akafunga jalada.

"Ni unyevu wa ziwa na hizi mvua, afande. Naomba jiko la mkaa."

Ukaikausha chupa kwenye jiko, ukaligusa bamba tena kwa rula. Safari hii utepe ukainuka ukabaki juu. Ukasogeza balbu ya ofisi. Utepe haukutikisika.

"Ongeza nyingine," mkuu akasema.

Zikawa tatu. Bado.

"Mwanga unakuja kwa chembe, afande. Kila chembe inagonga elektroni moja. Chembe za balbu ni dhaifu. Ukileta balbu elfu unaongeza idadi tu. Nguvu ya kila chembe ni ile ile, na elektroni haitoki."

Ukaikinga taa kwa ubao isiwaumize macho, ukaiwasha, ukasubiri ikolee. Ukaweka kipande cha kioo cha dirisha kati yake na bamba. Utepe ukabaki juu. Mkuu akashika tena jalada. Ndipo ukaondoa kioo, na utepe ukaanguka.

"Taa hii inatoa mwanga wa urujuanimno. Chembe zake hatuzioni, lakini kila moja ina nguvu ya kung'oa elektroni. Kioo kinazizuia. Taa nzima isingenifaa, afande. Nilitaka iliyovunjika."

Mkuu akarudia jaribio mwenyewe, mara tatu. Kisha akauliza polepole, "Aliyekupa ni nani?"

"Hilo sitasema."

Akaisukuma taa upande wako wa meza. "Nenda kafundishe."

Kesho yake wanafunzi wakaliona jaribio. Na mtoto wa Mseti alizaliwa baba yake akiwa nyumbani. Ni binti yule mrefu aliyeshika msalaba wako hadi kaburini, nasi tukawa tunaulizana ni wa nani.

Tunaokukumbuka ni mumeo Alfonce Werema, wanao Esta, Felisian na Gati, wifi yako Dorkas, Mwalimu Boniphace, na fundi Mseti, aliyeomba sana jina lake liandikwe hapa.

Mama, hatutakusahau siku zote za maisha yetu.