Bibi Kasema Ninanuka

Shangazi Dorcas, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na chupa ya pafyumu mkononi na sijui niimwage, niirudishe dukani au nimpe mlinzi wa shule, kwa hiyo nihurumie na unisome mpaka mwisho.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Buhongwa, mzaliwa wa Tanga, nimehamishiwa Mwanza mwaka juzi, na kwa mara ya kwanza maishani nimepata mtu ninayetaka kuzeeka naye, anaitwa Odeta, kwao ni ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na amelelewa na bibi yake, Bibi Kija, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika nyumba ile, akikukubali umekubaliwa na akikukataa hata wajomba hawana la kusema. Basi mwezi wa sita nikaalikwa ili bibi anione, na kwa kuwa jioni za mwezi huo upepo wa ziwani unaingia mpaka kwenye mifupa, nikajiambia nivae sweta na nitafute manukato ya baridi. Nikaenda mjini kwa Farzana, yule mama wa duka la manukato, akanifungulia chupa tano sita, nikachagua moja tamu, Shangazi, tamu kwelikweli, kwanza unasikia mdalasini, halafu vanila na asali, na mwisho kabisa kitu kama sukari iliyoungua kidogo, akaniambia hii ni ya kiume na ni ya jioni za baridi, puliza mara mbili tu, tena ukikaribia kufika. Mimi nikaona mara mbili ni za mtu asiye na haraka ya kuoa. Nikapuliza tisa, saa saba mchana, jua likiwa utosini, na kwenye kivuko mama mmoja akaniuliza kama hizo keki nilizobeba nauza.

Nilipofika nikamwamkia bibi, akaitikia marahaba, akanishika mkono, akanivuta karibu, akavuta pumzi ndefu, kisha akawageukia wajomba akasema mbele ya watu wote, "Huyu mwalimu ananuka." Hakuna aliyemzuia, na Mjomba Shimba akaongeza kwamba ni kweli, ananuka. Mimi, Shangazi, ambaye kila muhula nawakata wanafunzi alama kwa kuchanganya kunuka na kunukia, nikala ugali na sato bila kusikia ladha, na jioni baridi ilipoanza nikamwona bibi anatetemeka, nikavua sweta langu nikamfunika, wakanifungia na jogoo, nadhani wa kunipoza, kisha nikakimbilia kivuko cha mwisho. Kesho yake Odeta akanitumia ujumbe: "Bibi amekataza sweta lisifuliwe." Hapo nikajua limewekwa kando kama ushahidi.

Sasa ni wiki tatu sijavuka, simu za Odeta nazijibu kwa mkato nikisingizia kusahihisha mitihani, na juzi ameniambia barua ya posa isipofika kwao kabla ya mwezi huu kuisha atajua nimebadili mawazo na hatanisubiri. Nampenda na sitaki kumkosa, lakini nitapelekaje posa kwenye nyumba iliyoniambia ninanuka? Je, nibadili pafyumu, au nikubali yaishe?

Mwalimu Anayenuka, Buhongwa (jina limehifadhiwa)

*

Marahaba, mwalimu, na pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nianze na chupa, maana haina kosa. Nimekwenda mwenyewe kwa Farzana, nikapuliza mara moja kwenye mkono saa kumi na moja jioni, nikatembea pale Igogo upepo ukinipiga. Mdalasini uliondoka mapema, asali ikabaki imetulia, na nilipokaa kula chakula cha usiku vanila ilikuwa bado ipo kwenye mtandio wangu, ya upole, mtu anaisikia akikusogelea tu. Ni manukato mazuri ya mwanaume, na Farzana hakukudanganya. Lakini vitu vitamu namna hiyo vinahitaji baridi ili vitoke polepole. Ukivipeleka kwenye jua la saa saba vinapanda vyote kwa pamoja na kuwaumiza watu kichwa. Na wewe ukapuliza tisa! Ungekuwa mwanafunzi wako ungejipa sifuri kwa kutosoma maelekezo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Mimi ni Msukuma wa Sengerema, kama huyo bibi. Wengi wetu Kiswahili tulikikuta shuleni, tukatoka na kunuka, kunukia tukakuacha darasani. Ua linanuka, dagaa walioharibika wananuka, na msikilizaji anajua maana kwa kumtazama usoni anayesema. Mume wangu ni mtu wa Pangani. Siku ya harusi yetu nilimwambia kwa mapenzi yote, "Unanuka vizuri," akaenda kuoga mara ya pili, tukachelewa kanisani. Kwa hiyo najua ninachokuambia. Bibi Kija alikuwa anakusifia mbele ya ndugu zake, na Mjomba Shimba akakubaliana naye, na wewe ukakaa hapo na shahada yako ukiona umetukanwa.

Huyo jogoo ulitaka azungumze? Mtu asiyetakiwa hafungiwi jogoo, anaonyeshwa njia. Na sweta nalo, mwalimu wangu. Kitu kinachokera pua watu hukifua siku hiyohiyo. Bibi amekataza lisifuliwe kwa sababu likifuliwa harufu yako itatoka. Mzee wa watu analala na sweta lako, na wewe umejificha Buhongwa na mitihani ya uongo.

Hapo ndipo ninapokukasirikia. Odeta hakusema neno lolote baya, lakini ndiye uliyemwadhibu wiki tatu nzima. Yeye anahesabu siku za mwezi akidhani humtaki tena, kumbe mwanaume wake amekwama kwenye herufi moja. Ungeuliza swali moja tu, "Bibi alimaanisha nini?", usingehitaji kuniandikia.

Fanya hivi. Leo hii mpigie simu, mweleze yote, hata zile tisa na yule mama wa keki, na umwache acheke mpaka amalize kabla hujaomba msamaha. Kesho mtafute mshenga mtu mzima, barua ivuke Jumamosi, na nakuomba sana usiipulizie kitu. Chupa usiimwage wala usimpe mlinzi. Siku utakayoitwa panda kivuko cha jioni, uende umeoga na kutulia, na ukishashuka Kamanga ndipo upulize mara mbili, moja kifuani chini ya shati na moja shingoni kwa nyuma. Mchana wa jua vaa sabuni yako tu.

Na kalamu nyekundu iache shuleni. Bibi akikushika mkono na kusema tena kwamba unanuka, inamisha kichwa umwambie, "Asante, bibi." Sweta usilidai.