Wasimamizi Wawili, Mradi Mmoja

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimekwama pabaya. Niko mwaka wa mwisho chuoni, nimebakiza somo moja tu, nikaamua kulijaza kwa utafiti binafsi chini ya mhadhiri, kwa sababu niliambiwa hauna darasa wala mtihani, nikaenda kwa mama mmoja wa kemia nikamwambia nataka kupima maji ya matangi ya hosteli yetu, akafurahi, akanirekebishia pendekezo langu kurasa zote sita, ila akataka nipande juu ya paa kila Alhamisi kuchota maji na nimpelekee majibu kesho yake, nami nikaona huyu atanimaliza, nikaenda kwa mhadhiri wa afya ya jamii ambaye wanafunzi tunamwita Bwana Sawa kwa kuwa anasaini kila kitu, nikampa pendekezo lilelile lenye marekebisho ya yule mama, nikasema ni kazi yangu mwenyewe, kumbe, mshauri, wale ni mume na mke! Hawatumii jina moja, ningejuaje? Bwana Sawa aliniambia mwenyewe, huku akicheka vibaya, kwamba alikuwa analisoma sebuleni mkewe akapita nyuma ya kiti akaona sentensi zake. Fomu ya kusajili utafiti inafungwa Ijumaa, hakuna aliyesaini, na mama yangu ameshawatangazia ndugu wote kwamba nahitimu. Nafikiria kusema mwenzangu wa chumbani ndiye aliyechanganya mafaili. Nifanyeje?

*

Marahaba, mtafiti mwenye wasimamizi wawili na utafiti sifuri.

Unauliza ungejuaje. Swali zuri, tena ndilo la kwanza kukutoka tangu uanze huo mradi. Hata kama wasingejuana kabisa, ungekuwa mwizi yuleyule, sema tu ungekuwa hujakamatwa. Mtu mwenye madarasa yake kakaa na kurasa zako sita, kalamu mkononi, nawe ukaona anakutesa! Ulikuwa unatafuta msimamizi au muhuri? Pole kwa hofu, lakini naona unaogopa Ijumaa tu. Aibu bado haijakufikia.

Na huyo mwenzako wa chumbani mwache alale. Ukimtaja, utakuwa umemwibia mmoja, umemdanganya wa pili na umemsingizia wa tatu, yote kwa karatasi sita.

Sasa sikia. Leo hii panda kwenye hilo paa, chota maji, andika tarehe na tangi. Kesho asubuhi simama mlangoni pa ofisi ya huyo mama, siyo ya mumewe. Usibebe zawadi, usijilize. Sema: "Mwalimu, nilichukua kazi yako nikaiita yangu. Nilikimbia Alhamisi zako. Haya ni maji ya kwanza." Kisha funga mdomo. Akisaini, utapanda paa hilo hadi mwisho wa muhula, mvua inyeshe isinyeshe.

Asiposaini, ana haki. Mpigie mama yako siku hiyohiyo, kabla hajashona nguo ya mahafali. Atakuuliza ni mhadhiri gani amekufelisha. Mwambie hakuna.