Mfuniko wa Ndoo ya Gundi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima na kifua cha mwanao kimetulia. Mimi mwili hauna neno, roho ndiyo haina raha.

Najua tangu shemeji asimamishwe kazi hapo kwenu hapakaliki, na unaumiza kichwa ni nani aliyemchongea.

Gundi yetu unaijua: maganda ya kaa na mabua, vinasagwa hadi vinakuwa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ndani ya rojo jeupe lisilo na sumu. Kiwanda cha samani kikilikubali, kazi zetu sote saba zimepona. Sasa mbao za kwanza tulizounganisha ziliachana. Bosi alisema majaribio ndivyo yalivyo. Mimi nikasema hapana, hapa kuna mkono wa mtu.

Mwenye ufunguo mwingine wa karakana ni shemeji tu. Nikamkalia macho. Akicheka, nasema anajichekesha. Akinyamaza, nasema ana lake jambo. Hata chai aliyoniletea niliinusa kwanza! Mwisho nikajitia upelelezi. Kila Ijumaa wakati wa kufunga niliacha mfuniko wa ndoo wazi upana wa kidole, nijue nani anaigusa. Jumatatu naukuta umebanwa, rojo limepungua, na mbao za wiki hiyo zinaachana vibaya zaidi.

Aliyemchongea ni mimi, dada.

Bosi alipomuuliza, shemeji alikubali kwamba yeye ndiye aliyebana mfuniko. Alipoulizwa kwa nini, alinitazama, kisha akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, nimemnasa.

Jumatatu hii, wiki mbili tangu aondoke, nimekuta rojo limepungua tena. Mfuniko uko wazi vilevile nilivyouacha Ijumaa kwa mazoea, na juu ya rojo pana utando mkavu. Lilikuwa linakauka tu. Nyuzi zile zikishakauka hushikana, na hata ukiongeza maji hazirudi. Shemeji mwenyewe alinifundisha hilo siku yangu ya kwanza kazini. Kumbe alikuwa akiwahi kufika ili aondoe utando na kufunika nilichoacha wazi. Alijua ni mimi, na hakunitaja nisije nikafukuzwa.

Leo nimemweleza bosi yote na kumkabidhi ufunguo. Shemeji ataitwa arudi kesho. Bosi aliniuliza kwa nini sikumuuliza tu shemeji. Nililia.

Mbusu mwanao. Shemeji usimpe salamu zangu. Nitakuja Jumamosi nimkabili mwenyewe, kama mtanifungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba